Unaenda Kisii Ama Nyamira? Jipange Hivi Kiafya na Kimtandao

Wasee wengi wa Nairobi hudhani malaria ni ya Kisumu na Mombasa tu. Ukiskia Kisii kuna baridi, unabeba jaketi na kusahau neti. Hapo ndio unajichoma.

Malaria ya milimani

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Nyamira iko juu zaidi. Mbu si wengi mwaka mzima kama kando ya Ziwa Victoria, lakini baada ya masika malaria inaweza kulipuka, vile ilifanyika miaka ya 1990. Mwili ambao haujazoea ugonjwa huu hulemewa haraka, hata wa mtu mzima. Wako pia.

Lala ndani ya neti yenye dawa na uvae mikono mirefu jioni. Kama uko na mimba ama unasafiri na mtoto mdogo, ona daktari kabla ya safari.

Rada muhimu: homa huanza wiki moja ama zaidi baada ya kuumwa, so inaweza kukupata ukiwa umesharudi kwa keja. Usimeze Panadol ukalala. Pimwa damu, na umwambie daktari ulikuwa Gusii.

Ukiwa huko, hospitali kubwa ni Kisii Teaching and Referral mjini Kisii, na ya rufaa ya kaunti mjini Nyamira.

Maji

Ya chemchemi huonekana safi, lakini yachemshe kabla ya kunywa.

Simu na doh

Safaricom na Airtel zinashika mijini. Ukishuka mabondeni, mtandao unaweza kuyumba, so nunua bando mapema na udownload ramani. Intaneti ikipotea, M-Pesa bado inafanya kazi kwa *334#. Umetoka nje ya Kenya? Laini husajiliwa kwa pasipoti. Dharura ni 999 ama 112.

Radi, usiicheze

Gusii hupigwa radi sana, hasa mvua ya alasiri, na imeua watu. Ukiskia ngurumo, toa simu kwa chaja, ingia ndani na usijikinge chini ya mti. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ndio maana unahitaji pawabenki: chaji asubuhi, kabla mawingu hayajafika.

Neti, pawabenki, bando. Ukiwa na hizo tatu, enda ukule matoke na chinsaga bila stress.