Digi yetu ya Kinkondja: tunatengeneza nini hasa?



Wiki mbili hizi katika grupu letu watu wanabishana juu ya mchango wa kutengeneza digi ya kule nyumbani. Kuna wanaotaka saruji. Kuna wanaosema tungojee serikali. Na kuna yaya mmoja aliyeandika kwamba digi iko muzuri, mbona imesimama tangu utoto wetu. Mimi nilipita pale mwezi wa Agosti, maji yakiwa yameshuka. Nilichomeka fimbo katika shimo moja la ubavuni, upande wa ziwa. Fimbo ikaingia yote. Nikaingiza mkono, ukafika kwenye kiwiko bila kugusa mwisho. Nyuma ya ukuta ule kuna nyumba, kuna mashamba ya mihogo, kuna na darasa ambalo baadhi yetu tulianzia kusoma. Kwa hiyo kabla hatujatuma franga hata moja, naomba mnivumilie kidogo. Mimi ni mwalimu wa historia, si enjenia. Ya maenjenia nimeyauliza kwa wanaojua.

Kwa wadogo zetu waliozaliwa Lubumbashi na hawajafika: Kinkondja iko kando ya ziwa Kisale, ndani ya lile bonde la Upemba ambalo wengine wanaliita Kamalondo. Lualaba inatoka juu, inapita Bukama, inaingia katika maziwa na mabwawa ya mafunjo, na hapo haina haraka tena. Lufira nayo inaleta maji yake kwetu. Bonde ni tambarare sana. Mvua ikipiga huko Kolwezi, sisi hatuoni kitu, kisha siku nyingi baadaye maji yanapanda polepole, jua likiwaka, hakuna radi wala wingu. Mgeni anaweza kulala amekauka akaamka sandale zake zinaelea.

Watu wameishi na maji hayo zamani sana. Pale Sanga, kando ya Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akarudi kuchimba katika miaka ya 1970. Walikuta vyungu, vyuma, mapambo ya shaba, na dalili za watu waliokaa hapo zaidi ya miaka elfu moja bila kuhama. Shaba haipatikani Kisale, ilitoka kusini. Maana yake wale watu walikuwa na kitu cha kubadilisha, na wanahistoria wengi wanasema ni samaki mkavu. Mwingereza Cameron, aliyepita nchi ya Waluba katika miaka ya 1874 na 1875, wakati wa mfalme Kasongo Kalombo, naye aliandika habari za ziwa hilo na watu wanaokaa juu ya visiwa vinavyoelea. Visiwa vile mnavijua, ni mafunjo yaliyoshikana. Sisi tulivichezea tukiwa watoto, tukapigwa nyumbani.

Sasa nifike kwenye neno langu. Vitabu vya historia ya Waluba vinaeleza kwamba wavuvi wa bonde hili walikuwa wakijenga kingo za tope na majani. Ndugu wengi wakisoma hivyo wanasema, unaona, digi ni urithi wetu. Mimi pia nilikuwa nafundisha hivyo. Siku moja nilimweleza nkambo wangu, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia: "Zamani batu habakujengaka digi ya kufukuza mayi. Balikuwa najenga ya kufunga samaki, mayi ikirudia."

Hebu tulitazame neno hilo vizuri. Ukingo wa zamani ulingoja maji yaingie, yakianza kurudi ziwani ndiyo kazi yake inaanza: kuyazuia yasiondoke yote, samaki wabaki kwenye dimbwi wakati wa kiangazi. Ukivunjika, hasara ni samaki wamekimbia. Digi yetu ya leo kazi yake ni kinyume. Inazuia maji yasiingie, na watu wanalala nyuma yake. Zote mbili ni udongo, na kwa macho zinafanana, lakini kosa la ile ya zamani lilikula chakula cha msimu mmoja, na la hii linaweza kula watoto. Kwa hiyo kusema "wazee walijenga hivi hivi" hakutusaidii.

Wakoloni nao hawakujishughulisha sana na mafuriko yetu. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka hapo meli zikashuka Lualaba kwenda Kabalo na Kongolo. Kilichowasumbua katika Kisale ni mafunjo yaliyofunga njia ya meli. Mabwawa makubwa wakayajenga huko juu, kwa ajili ya umeme wa migodi: Mwadingusha juu ya Lufira mwaka 1930, Nzilo juu ya Lualaba mwaka 1952, Nseke mwaka 1956. Miaka hii imeongezwa na Busanga. Wengine katika grupu wanaandika kwamba hayo yanatulinda. Ndugu, bwawa la umeme linataka kujaa. Mwenye mashine hafurahi kuona bwawa lake nusu tupu likingojea mvua ya Machi kwa ajili ya wavuvi wa Kisale. Na kati ya mabwawa yale na sisi kuna mito mingine inayoingia bila kuzuiwa na mtu.

Digi yetu yenyewe ni kazi ya mikono. Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu: kila mtu na jembe lake, anayekosa anatozwa faini. Hakuna aliyeipenda, na mimi siiombei irudi. Lakini kila mwaka, kabla ya mvua, kuna mtu aliyepita juu ya digi akatazama. Salongo ilipokufa, digi ilibaki, mtazamaji akaondoka.

Hali yake ya leo niliyoiona ni hii. Juu, pale njia ya sokoni inapokatiza, miguu na baiskeli vimeshusha udongo kiasi cha mkono mzima. Maji yakipita ukingo, yatapita hapo kwanza, na yakishapita juu ya udongo yanakula ubavu wa nyuma mpaka ukuta unakatika. Mahali pengine wavuvi wamekata mfereji wa kupitisha mtumbwi, wakaufunga tena kwa majani. Kuna miti imeota ubavuni, tena mikubwa. Mzizi ukifa na kuoza unaacha bomba ndani. Halafu kuna mashimo ya panya na ya mchwa, lile la fimbo yangu likiwa mojawapo. Enjenia niliyemuuliza hakushtuka na miti wala njia. Alichouliza ni kimoja: maji yakiwa juu, upande wa kavu panatoka maji? Nikamwambia mama mmoja mwenye nyumba pale ananiambia ndiyo, kila mwaka. Akauliza: safi au ya tope? Maji safi yanavuja tu. Maji ya tope yanatoka na udongo wa ndani ya digi. Nilimpigia mama yule simu. Akajibu: "Mwaka huu ilikuwa nyekundu."

Wenzetu wa Kenya, kule Solai katika Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo la shamba lilipasuka baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao watoto na wanawake. Kule ni mlima na kwetu ni tambarare, maji yetu hayatakuja kwa mbio ile, nakubali. Lakini usiku ni usiku.

Saruji sitaki, na nasema wazi. Kupaka saruji juu ya shimo ni kufunika kidonda chenye usaha. Shimo linachimbwa mpaka mwisho wake, linajazwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, kidogo kidogo, kila tabaka linatwangwa. Miti ikatwe na mizizi itolewe, pandwe majani mafupi. Njia ya sokoni iinuliwe. Na tuchague sisi mahali pa chini, penye mawe, mbali na nyumba, maji yakizidi yapite hapo. Shefu ameshasema kuna shamba moja mwenyewe yuko tayari, akilipwa mihogo yake. Hapo ndipo pesa yetu iende kwanza, kisha posho ya mtu mmoja wa kutembea juu ya digi kila wiki kuanzia Novemba mpaka Mei, na simu yenye vocha.

Mvua za kwanza zinaanza Oktoba. Mimi ninashuka Bukama mwisho wa Septemba, na kutoka hapo natafuta mtumbwi. Mwenye majembe na anayetaka kufuatana nami aandike jina lake hapa chini.