Maziwa, Unga wa Chaki na Figo

Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alitangaza tiba ya vidonda vya tumbo iliyotawala hospitali kwa miongo kadhaa. Mgonjwa alinyweshwa maziwa yenye malai kila saa, asubuhi hadi jioni, na katikati akapewa unga wa alkali wa kuzima asidi. Baadaye kaboneti ya kalsiamu, yaani chaki, iliongezwa. Maumivu yalitulia kweli, na humo ndimo hatari ilimojificha: nafuu ya tumbo ilichukuliwa kuwa ushahidi kwamba mwili mzima uko salama, ilhali figo huanza kuharibika bila kuuma. Mwaka 1923 Hardt na Rivers wa Mayo Clinic walieleza wagonjwa wa tiba hiyo waliopata kichefuchefu, maumivu ya kichwa, karaha ya maziwa na udhaifu wa figo. Mwaka 1949 Burnett na wenzake walieleza wengine sita, watumiaji wa miaka mingi: kalsiamu imejaa damuni, figo zimeshindwa kazi, na chembe za kalsiamu zimeganda hata machoni.

Mtu atasema kalsiamu ni chakula, na mwili hutupa ziada. Ni kweli kwa mlo wa kawaida. Lakini ikizidi damuni, kalsiamu huibana mishipa ya figo na kumkojoza mtu hadi maji yampungue. Alkali nayo huzifanya figo ziirudishe badala ya kuitoa. Akitapika, maji hupungua zaidi na hali huzidi kuharibika. Tena kutapika huko kulifanana na ugonjwa uliokuwa ukitibiwa, basi ilikuwa rahisi kumwongezea unga uleule.

Wapo watakaomtetea Sippy, na wana hoja: vidonda viliua kwa kutoboka na kuvuja damu, na dawa bora haikuwapo. Simlaumu kwa mwaka 1915. Lakini baada ya 1923 tahadhari ilikwisha kutolewa, na bado desturi iliendelea hadi ilipopata mshindani: dawa ya simetidini katika miaka ya 1970, kisha ugunduzi wa bakteria wa vidonda uliofanywa na Warren na Marshall huko Australia. Dawa mpya ndizo zilizoiondoa tiba hiyo, si onyo, na ndiyo maana madhara yake yamerudi kwa mlango mwingine. Madaktari wa Taiwan wameyakuta kwa watafunaji wa tambuu, ambayo huko, kama pwani yetu, hutiwa chokaa. Wagonjwa wengi zaidi leo ni wanawake waliokoma hedhi, wanaomeza vidonge vya kaboneti ya kalsiamu pamoja na vitamini D ili kulinda mifupa, bila damu yao kupimwa.