Vita Vilivyopita Mbozi na Kalamu ya Abdulrazak Gurnah

Katika siku za mwisho za Oktoba 1918, jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, likiwa limekwisha kuzunguka miezi mingi katika nchi ya Msumbiji na kurudi tena upande huu wa Ruvuma, liliingia katika nchi ya Wanyiha na kufika misheni ya Wamoravian ya Mbozi; na tarehe 2 Novemba, baada ya kuvuka mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, jirani na mahali ulipo sasa mji wa Tunduma, liliishambulia ngome ya Waingereza ya Fife, likashindwa kuitwaa, likashika njia ya Kasama. Habari ya kusimamishwa vita huko Ulaya iliwakuta kwenye mto Chambeshi, na tarehe 25 ya mwezi ule ule wakaweka silaha chini mjini Abercorn, uitwao sasa Mbala. Kwa hiyo nchi hii tunayoiita Mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na makao yake kuwekwa Vwawa, ndiyo sehemu ya mwisho ya koloni la Wajerumani kukanyagwa na askari hao hali bunduki zingali mabegani mwao.

Mpaka waliouvuka ulikuwa mchanga bado. Ulikatwa kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kwa kufuata maslahi ya London na Berlin: Waingereza walitaka njia ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, ibaki mikononi mwao, na mstari ukapitishwa kaskazini yake, na Wanyamwanga, ambao hawakuulizwa neno, wakajikuta ndugu hawa chini ya dola moja na ndugu wale chini ya dola nyingine. Tunduma, na Nakonde iliyo ng'ambo ya pili ya mpaka, zingali zikiishi na athari ya kalamu ile, ingawa watu wa pande mbili hizo huoana, huzikana na kuuziana mahindi.

Jeshi lile lililopita Mbozi halikuwa safu ya wapiganaji peke yao. Siku ya kusalimu amri Wazungu walikuwa 155, askari Waafrika walizidi 1,100, na wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Nyuma yao walifuata wanawake na watoto, maana askari wengi walikwenda vitani pamoja na ahali zao. Mpagazi alibeba kichwani mzigo wa ratili 60 hivi, yaani kilo 27, wa risasi au dawa au chakula, mvua inyeshe au jua liwake, na aliyeanguka mzigo wake ulihamia kichwani kwa mwenziwe. Wala jeshi hilo halikuwa na ghala. Lilikula katika maghala ya watu. Ajuaye kilimo cha nyanda hizi anafahamu maana ya kunyang'anywa ulezi mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zinaanguka, jembe linataka mtu aliyeshiba, na mavuno mapya yako mbali miezi kadhaa. Na kabla kilio hicho hakijapoa, homa kuu ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka ule ikaingia vijijini.

Haya yote aliyeyaandika mapema ni jemadari mwenyewe, ambaye kumbukumbu zake zilichapwa mwaka 1920 na kumpatia sifa kwao. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya zama zile: hata kimondo cha Mbozi, kile chuma cha urefu wa mita 3 na uzito unaokisiwa tani 16, ambacho wenyeji walikijua tangu kale, huandikwa kuwa kiligunduliwa mwaka 1930 kwa sababu ndipo mpima ardhi mgeni alipokiona.

Miaka 102 ikapita tangu siku ile ya Fife ndipo Abdulrazak Gurnah alipotoa riwaya yake juu ya vita vile, Afterlives, mwaka 2020, na mwaka uliofuata akatunukiwa nishani ya Nobel ya fasihi. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948. Alitoka kwao akiwa kijana, baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza, akafanya kazi ya utumishi hospitalini, akasoma, na mwaka 1982 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Kent, ambako baadaye alifundisha mpaka akastaafu, baada ya kusomesha kwa muda huko Kano, Nijeria. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987. Wengi wanamjua kwa riwaya tu, na huo ni upungufu, kwani mwanachuoni na mtunga hadithi walikua pamoja ndani yake: alihariri majuzuu mawili ya insha juu ya uandishi wa Afrika, la 1993 na la 1995, na akahariri kitabu cha tahakiki za Salman Rushdie mwaka 2007. Mimi naamini kwamba bila ya miaka ile ya kusoma na kuhakiki, riwaya zake za vita zisingekuwa na uthabiti zilio nao.

Kati ya majuzuu yale mawili ndipo ilipotoka Paradise, mwaka 1994, hadithi ya Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, akafuatana na msafara wa tajiri Aziz mpaka ndani ya bara. Na kitabu kinakwisha kijana huyo akiikimbilia safu ya askari wa Kijerumani. Msomaji aliachwa hapo kwa miaka 26. Afterlives inamchukua kijana mwingine, Hamza, ambaye anajiandikisha askari kwa hiari yake na kujuta upesi. Afisa wake anamfundisha Kijerumani kwa dhamiri ya kumsomesha mashairi ya Schiller, jambo ambalo ni hisani na udhalilishaji kwa pamoja, na mwisho Hamza anakatwa kwa upanga na mkuu wake mwenyewe, wala si na adui, akaachwa auguzwe kwenye misheni ya bara. Misheni ile Gurnah ameipa jina jingine, lakini sioni mtu wa Mbozi atakayeisoma asione uwanja, kanisa na mchungaji anayetibu majeruhi kama mambo ya kwao. Tena Gurnah hakuwatakasa askari: wanachoma vijiji, wanakula vya watu, wanaogopwa kuliko mabwana zao. Naona huo ndio ushujaa mkubwa wa kitabu hicho, kwa sababu wajukuu wa askari na wajukuu wa waliochomewa nyumba ni watu wa taifa moja leo.

Pamoja na sifa hizo, Hamza ni mtu wa pwani, na nchi ya bara anaipitia akiwa mgeni mwenye kidonda. Mama wa Kinyiha aliyeficha ulezi wake porini, Mnyamwanga aliyekamatwa njiani akatwishwa risasi kumpiga jamaa yake wa upande wa pili, hao hawana riwaya bado. Paradise imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikaitwa Peponi, na kuchapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kijana wa Vwawa au Itumba aliye na ghera ya kuandika anaweza kuanzia hapo, kisha aende kwa wazee wa Mbozi na wa Nakonde, apige hodi pande zote mbili za mpaka, aulize ni nani katika ukoo alichukuliwa mwaka ule, na ni nani aliyerudi.