Kutoka Khutba hadi Hotuba: Sala ya Ijumaa katika Historia ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya sala ya Ijumaa na khutba yake katika historia ya Kiswahili. Ushahidi unaotumika ni wa aina tatu: majina ya siku, misikiti ya kale ya pwani, na mabadiliko ya umbo na maana ya neno khutba. Inadaiwa kwamba sharti la kifikihi la kutamka nguzo za khutba kwa Kiarabu halikukifungia Kiswahili mlango wa mimbari, bali lilikipangia mahali pa kuingilia.

1.0 Utangulizi

Kila mzungumzaji wa Kiswahili, awe Mwislamu au la, huhesabu siku zake kuanzia Ijumaa. Jumamosi ni siku ya kwanza baada yake, Jumapili ni ya pili, na hesabu huendelea hadi Jumatano, siku ya tano. Hapo tarakimu za Kibantu hukoma, yakafuata majina mawili yenye asili ya Kiarabu: Alhamisi na Ijumaa. Hata hivyo, Alhamisi nayo kwa Kiarabu ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza hesabu kwa siku tuiitayo Jumapili. Juma la Waswahili, basi, lina siku mbili za tano zinazofuatana.

Hitilafu hii huwachekesha wanafunzi, lakini ina mafunzo. Inaonesha kwamba waliounda kalenda hii hawakutafsiri juma la Waarabu. Waliifanya siku ya sala ya jamaa kuwa nguzo, kisha wakahesabu upya kwa tarakimu zao. Kinachobaki ni kueleza sala hiyo ilikuwa na uzito gani hata ikaweza kupanga wakati wa jamii nzima.

2.0 Khutba kama Tendo la Ibada

Sura ya 62 ya Kurani, al-Jumua, inawaamuru waumini kuacha biashara wito wa sala ya siku hiyo unapotolewa, na inawaruhusu kutawanyika kutafuta riziki inapomalizika. Sala yenyewe ina rakaa mbili, nayo hushika nafasi ya adhuhuri yenye rakaa nne. Baadhi ya wanazuoni walizihesabu khutba mbili kuwa ni badala ya rakaa mbili zilizopungua. Kwa hiyo khutba si nyongeza ya sala. Ni sharti la kusihi kwake.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, khutba ina nguzo tano. Tatu hupatikana katika khutba zote mbili: kumhimidi Mungu, kumsalia Mtume na kuusia ucha Mungu. Nyingine ni kusoma aya ya Kurani katika mojawapo, na kuwaombea waumini katika ile ya pili. Rai inayotegemewa ni kwamba nguzo hizi zitamkwe kwa Kiarabu. Msikilizaji naye hutakiwa anyamaze. Hata kumwambia jirani yake anyamaze huhesabiwa kuwa upuuzi. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, jambo hili ni la kuzingatiwa: mtambaji wa ngano huihitaji hadhira iitikie, ilhali khatibu huitaka ikae kimya.

3.0 Msikiti wa Ijumaa na Mji

Wanafikihi wa Shafi waliweka pia sharti la kuwapo wanaume 40 walio wakazi wa kudumu. Sala ya Ijumaa, kwa hiyo, ilikuwa ibada ya mji, si ya wapita njia. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbuaji ulioongozwa na Mark Horton ulifichua mfululizo wa misikiti iliyojengwa mahali pamoja, ya mwanzo ikiwa ya miti na ya karne ya 8. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kibla cha msikiti kina maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Shafi. Anasimulia kwamba Sultani Hasan bin Sulaiman alikuwa akitoka katika sala ya Ijumaa pale fakiri mmoja alipomwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia katika makazi ya khatibu wa msikiti, akazivua na kumpa. Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kuonesha ukarimu wa mtawala. Kwa hoja yetu, kinathibitisha kwamba khatibu alikuwa na cheo na makazi yanayotambulika mjini, na kwamba Ijumaa ilikuwa siku ambayo mtawala na maskini waliweza kukutana uso kwa uso.

4.0 Lugha ya Mimbari

Katika nchi nyingi za Kiislamu, khatibu alikuwa msomaji zaidi kuliko mtunzi. Khutba za Ibn Nubata, khatibu wa Halab aliyefariki mwaka 984, ziliendelea kusomwa mimbarini karne nyingi baada yake. Utaratibu huo ulikuwa na faida: baharia kutoka Hadhramaut aliyesali Lamu alisikia maneno aliyoyazoea kwao. Umoja wa umma ulisikika masikioni. Lakini Mswahili asiyejua Kiarabu alitoka na thawabu bila ya maana, na usia wa ucha Mungu, ambao ni nguzo, ukampita.

Suala hili halikuwa la lugha pekee. Lilihusu nani anayestahili kuelewa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa alilikabili kwa kalamu. Alianzisha Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akaandika kwa Kiswahili masuala ambayo wengi waliyaona kuwa milki ya wasomi wa Kiarabu. Baada yake, Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy (1912–1982) alikamilisha tafsiri ya Kurani iliyochapishwa mwaka 1969. Maandishi hayo yaliwapa wahadhiri msamiati na mtindo wa kueleza dini kwa lugha ya wasikilizaji.

Mimbarini kwenyewe ulipatikana upatanisho wa namna mbili. Katika misikiti mingine, mawaidha ya Kiswahili hutolewa kabla ya adhana, kisha khutba husomwa yote kwa Kiarabu. Katika mingine, nguzo hutamkwa kwa Kiarabu na ufafanuzi hutolewa kwa Kiswahili ndani ya khutba yenyewe. Namna zote mbili huhifadhi sharti la wanafikihi. Zinachotofautiana ni mahali ambapo msikilizaji huanza kuelewa.

5.0 Neno Moja, Maumbo Mawili

Mgawanyo huo unaonekana pia katika msamiati. Neno la Kiarabu khutba lilipoingia katika Kiswahili, sauti kh ikawa h, na irabu ikapachikwa kuitenganisha t na b: hotuba. Likazaa hutubu, hutubia na mhutubu. Baadaye likatoka msikitini: leo kuna hotuba ya rais na hotuba ya bajeti, na wabunge huhutubiwa. Makanisa nayo yakazoea neno mahubiri. Hotuba ilipokwisha kuwa mali ya wote, Waislamu walilirejesha umbo la khutba, pamoja na kh yake, kwa ajili ya Ijumaa. Kiswahili sasa kina maneno mawili kutokana na asili moja, na matamshi ndiyo yanayobainisha jukwaa na mimbari.

6.0 Hitimisho

Khutba imekipa Kiswahili kalenda, istilahi na mtindo wa usemi wa hadhara. Pamoja na hayo, mihtasari yetu ya fasihi simulizi hufundisha ngano, methali na tenzi, na huipita khutba kana kwamba ni suala la theolojia pekee. Hasara ni yetu. Makhatibu waliojifunza kuunganisha nguzo za Kiarabu na usia wa Kiswahili wanazeeka, na khutba nyingi hutoweka mara jamaa inapotawanyika. Kuzirekodi, kwa idhini ya wenyewe, ni kazi inayoweza kuanza Ijumaa ijayo.