Jaribio Lisilohesabiwa: Upimaji Endelezi wa Mtandaoni katika Elimu ya Udaktari Unguja

Kabla ya mwaka 2007, kijana wa Unguja aliyetaka kuwa daktari alilazimika kuvuka bahari. Makerere ilianza kufundisha tiba mwaka 1924, na shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963. Makosa yake ya uanafunzi yalisahihishwa mbali na wagonjwa aliokusudiwa kuwatibu. Mwaka 2007 mafunzo hayo yalianza kisiwani kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Kuba, na wahitimu wa kwanza walipatikana mwaka 2013. Baadaye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikawa na skuli yake ya tiba.

Upimaji endelezi, yaani ule unaokusudia kumrekebisha mwanafunzi angali anajifunza, ulipata jina lake kwa mwanafalsafa Michael Scriven mwaka 1967. Utendaji wake ni wa kale zaidi. Mwalimu anayemuuliza mwanafunzi swali kando ya kitanda cha mgonjwa, katika wodi kama zile za Mnazi Mmoja, anafanya kazi hiyo hiyo. Upungufu wake ni kwamba mwalimu ni mmoja na wanafunzi ni wengi, na anayekosea hukosea mbele ya wenzake na mgonjwa. Jaribio la mtandaoni, hasa baada ya programu ya Moodle kutolewa mwaka 2002, liliondoa aibu hiyo: mwanafunzi hujibu peke yake, huelezwa kosa lake papo hapo, kisha hujaribu tena.

Hata hivyo, ubora wa jaribio hutegemea aliyeandika swali. Mfano mzuri ni homa. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto za malaria mwaka 2003, na katika miaka michache maambukizi yalishuka hadi chini ya asilimia 1. Swali lililotungwa kwa ajili ya eneo lenye malaria nyingi, ambalo humzoesha mwanafunzi kuanza na malaria kila aonapo mtoto mwenye homa, linaweza kumpotosha daktari wa Unguja. Benki ya maswali ya kuazima ni rahisi kupatikana. Maelezo ya kosa yanayoafiki wodi za kisiwani hayana budi kuandikwa na walimu wa kisiwani.

Kikwazo cha wazi zaidi kilikuwa umeme. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya wa awali, wa mwaka 1980, uliharibika Mei 2008, na kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 umeme ulikatika tena, safari hii kwa miezi mitatu hivi. Kundi la kwanza la wanafunzi wa udaktari lilikuwa bado masomoni katika vipindi vyote viwili. Waya mpya wa megawati 100 ulipatikana mwaka 2013.

Lakini umeme haukuwa kikwazo kizito kuliko vyote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilishutumu elimu iliyotawaliwa na mtihani wa mwisho, na kutokana nalo kazi za mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa. Nia ilikuwa njema, ila matokeo yake yalikuwa kinyume kidogo: kila zoezi likageuka mtihani mdogo. Desturi hiyo ilienea hadi vyuo vikuu vya nchi, ambako kazi za muhula kwa kawaida huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Jaribio la mtandaoni likiingizwa katika zile 40, mwanafunzi hulikabili kwa hofu ile ile ya chumba cha mtihani; hutafuta jibu kwa mwenzake, na mwalimu hapati kuona asichokielewa. Kosa hilo litaonekana mara ya kwanza wodini.