Metre-silindri ya freni: namna ya kuifunga kwenye pikapu ya zamani

Metre-silindri ni ile pompi ya chuma iliyo chini ya kapo, mbele ya pedali ya freni. Ndiyo inageuza nguvu ya mguu wa shofa kuwa presha ya mafuta mpaka kwenye magurudumu. Kwenye pikapu nyingi za Toyota zinazofufuliwa Masisi na Walikale, ndani yake kuna vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele, kingine cha nyuma.

Ubovu wake unajificha. Magurudumu ni makavu, kopo la mafuta limejaa, lakini mguu ukikaa juu ya pedali, inashuka polepole mpaka chini. Hapo mipira ya ndani imekwisha. Kwenye tambarare shofa anapompa mara mbili, anaendelea. Akiteremka kutoka Mushaki kwenda Sake, na mifuko ya maharagwe na wamama wa soko juu, nafasi ya kupompa haipo.

Wengi wananunua mipira peke yake ju ya bei. Inafaa kama ukuta wa ndani ni laini. Ukucha ukikwama kwenye vishimo vya kutu, mipira mipya itakatika upesi. Heri kununua metre-silindri nzima.

Kabla ya kuifunga garini, inabanwa kwenye etau, inajazwa mafuta, na tiyo mbili ndogo zinarudishwa ndani ya kopo. Pistoni inasukumwa polepole kwa fimbo hadi mapovu yaishe. Fundi anayeruka kazi hii atapompa pedali nusu siku na hewa itabaki. Kisha anaangalia kijiti kinachotoka kwenye servo: lazima kiache nafasi ndogo sana mbele ya pistoni.

Mafuta ni yale ya freni tu, DOT 3 ama DOT 4. Ya injini yanavimbisha mipira yote, hata ya magurudumu. Maji ya sabuni, ambayo wengine wanamwaga humo wakikwama njiani, ni hatari kuliko vyote: kwenye milima inayopita mita 2.000 maji yanachemka kwenye digrii 93 hivi, na mvuke hausukumi freni. DOT 3 mpya inavumilia digrii 205, lakini inanyonya unyevu wa hewa, na ikishanyonya inaweza kushuka hadi 140. Kwa hiyo kule Walikale, ndani ya pori lenye mvua, chupa iliyofunguliwa zamani isitumiwe.

Kutoa hewa kunaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na pompi. Gari zenye usukani wa kulia, ambazo ni nyingi huku kwetu, zinaanzia nyuma kushoto. Pikapu nyingi zina pia kifaa juu ya ekseli ya nyuma kinachopima uzito wa mzigo. Nacho kina skrubu yake ya kutolea hewa. Kikisahauliwa, pedali inabaki laini kama sponji.

Jaribio la kwanza ni injini ikiwaka, gari imesimama: pedali ikandamizwe kwa nguvu nusu dakika bila kushuka. Halafu mwendo mfupi kwenye tambarare, bila mzigo. Magurudumu yakipata moto na gari ikawa nzito, nati za metre-silindri zilegezwe kidogo. Gari ikijiachia, kijiti cha servo ni kirefu mno, kifupishwe.