Msichana wa Sarafu Aliyekataa Kufutwa

Wasee, kama kuna ndugu yako amerudi kutoka Ulaya na chenji ya euro mfukoni, mwambie akuonyeshe. Upande mmoja wa sarafu ni uleule kila mahali. Ule mwingine, kila nchi inajichagulia picha yake. Na hapo ndipo stori iko.

Chukua Latvia, nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, watu hawafiki hata milioni 2. Kwenye euro 1 na euro 2 hawakuweka rais wala mfalme. Waliweka msichana aliyevaa mavazi ya kienyeji, masuke ya nafaka yako begani.

Sura hiyo ni ya zamani. Mwaka wa 1929, Latvia ikiwa na miaka 11 tu ya uhuru, ilitoa sarafu ya fedha ya lati 5. Mchoraji alikuwa Rihards Zariņš, na aliyemchora ni Zelma Brauere, mfanyakazi wa kawaida tu wa kiwanda cha serikali cha kuchapisha. Wananchi wakambatiza Milda.

Halafu mambo yakaharibika. Mwaka wa 1940 Wasovieti wakaivamia nchi, na 1941 lati ikaondolewa sokoni, ikabaki rubo. Sasa ungefanya nini na pesa isiyonunua hata mkate? Watu wengi walimficha Milda nyumbani. Wengine wakamgeuza kipambo cha nguo. Bendera yao ilipigwa marufuku, lakini sarafu inaingia kwa kiganja, na nani atajua? Mzazi angeweza kumwonyesha mtoto wake kimyakimya: tazama, tulikuwa na nchi yetu.

Uhuru ulirudi 1991, lati ikarudi 1993. Ndiyo maana euro ilipokuja Januari 2014, wengi hawakuitaka. Kupoteza pesa yako mara mbili si mchezo. Kumweka Milda kwenye euro ilikuwa njia ya kusema: pesa imebadilika, sisi tuko.

Kuna watu husema pesa ni pesa, bora inunue. Mimi nakataa. Milda alikuwa na thamani kubwa zaidi wakati hakuweza kununua chochote.

Haya niambie: nchi yako ikipokonywa kesho, ni kitu gani kidogo ungeficha?